Kiharusi: Kinachotokea Ndani ya Ubongo na kwa Nini Tusichelewe

Katika toleo hili tumeona tuzungumzie kiharusi. Hapa kwetu Mara jina hili si geni. Hata Mwalimu Nyerere wa Butiama, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 akitibiwa saratani ya damu, alipatwa na kiharusi katika siku zake za mwisho. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wilayani Hai watu wapatao 109 katika kila 100,000 walipata kiharusi kwa mwaka, na Dar es Salaam wapatao 316.

Je, ni nini hasa hutokea? Mara nyingi mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo huzibwa na bonge la damu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna akiba.

Tabaka la nje la ubongo, lenye mikunjo, ndilo gamba la ubongo. Humo zimo seli za neva zinazotuwezesha kusema, kusoma na kuinua mkono. Kila seli ina vitawi kama mti, na juu yake vijichipukizi vinavyopokea habari kutoka seli nyingine. Damu ikikatika, ndani ya dakika chache seli huishiwa nguvu. Pampu zinazotoa sodiamu na kurudisha potasiamu husimama, maji huingia, seli huvimba. Kisha humwagika kemikali iitwayo glutameti, ambayo huifungulia njia kalsiamu, nayo huamsha vimeng'enya vinavyoila seli kutoka ndani. Vitawi hufanya vifundo kama tasbihi, na vijichipukizi hupotea.

Katikati ya eneo hilo seli hufa. Lakini pembezoni zipo zilizozimia tu, zinazopata damu kidogo kutoka mishipa jirani. Damu ikirudi mapema, hizo hupona. Wataalamu wamekadiria kuwa mshipa mkubwa ukiziba, seli milioni 1.9 hufa kila dakika. Ndiyo maana dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha kuonyesha kuwa ubongo hauvuji damu.

Ndugu msomaji, wapo wanaodhani ni jini au kurogwa, wakaanzia kwa mganga na saa zikapita. Dua tuombe, lakini tuiombe tukiwa njiani kwenda hospitali. Ukimwona babu au bibi mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea, au maneno hayaeleweki, angalia saa, waite wakubwa, wala usimpe chakula, maji wala dawa, kwani huenda akapaliwa.

Aliyesalia na udhaifu asikate tamaa. Seli zilizo jirani huchipua vitawi vipya kwa wiki na miezi, na mazoezi huzisaidia. Asiyeweza kusimama ataswali ameketi.

Tunamalizia kwa kuwausia wazazi: pimeni presha, punguzeni chumvi, acheni sigara.