Zawadi ya mtoto ianze mama akiwa na mimba

Mwenzenu wa kazi ni kijana, mshahara ni mdogo, na bibi yake ana mimba ya kwanza. Wandugu wanachanga franka. Lakini mara nyingi tunangojea siku mama anatoka lupitalo, ndipo tunaleta nguo nzuri, talki, hata biberoni na kopo la maziwa. Biberoni iacheni: mtoto anayenyonya hahitaji kitu kingine, hata maji, mpaka miezi 6, na maziwa ya kopo yatakula mshahara wote.

Nunueni sasa chandarua chenye dawa, cha kutosha kitanda cha wazazi. Malaria ikimshika mwenye mimba inapunguza damu yake, na mtoto anaweza kuzaliwa na kilo kidogo. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, kikauke kivulini, maana jua linaharibu dawa.

Ongezeni beseni la pili na sabuni ya mche, kwa nguo za kazi za baba peke yake. Nani analeta beseni kama zawadi? Lakini vumbi la madini yetu lina kobalti. Mwaka 2020 waganga wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza uchunguzi: baba mwenye kazi ya madini alionekana mara nyingi zaidi kwa watoto waliozaliwa na kilema kuliko kwa watoto wengine. Si kusema kila mchimbaji atapata shida hiyo. Ila nguo na viatu vya kazi visipite mlango wa nyumba, na kama kazini kuna bafu, baba aoge huko huko.