Michoro ya bei ya dhahabu: Mstari ukivunjika, nani hulipa?

BEI ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 3,000 za Marekani kwa wakia mwezi Machi 2025, na ilipofika Oktoba mwaka huo huo ikavuka dola 4,000. Kwa kijana wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye simu na akiba kidogo, kupanda kwa namna hiyo huonekana kama mlango uliofunguliwa, na somo la kwanza analopewa mlangoni huwa ni la michoro.

Huambiwa kuwa bei ikichora kichwa na mabega mawili, itashuka. Ikichora kikombe chenye mkono, itapanda. Ikigonga dari mara mbili na kurudi, wakati wa kuuza umewadia. Upo ukweli katika mafundisho hayo, ila sio ule unaotangazwa zaidi.

Elimu yenyewe si ya jana. Wamarekani Robert Edwards na John Magee waliyakusanya maumbo hayo katika kitabu cha mwaka 1948, wakizungumzia hisa. Dhahabu haikuwa na mengi ya kuchorwa wakati huo, kwa kuwa bei yake rasmi ilikuwa dola 35 kwa wakia. Ni baada ya Marekani kuacha kubadilisha dola kwa dhahabu, Agosti 1971, ndipo bei ilipoanza kupanda na kushuka kwa nguvu ya soko.

Ili kuuelewa mchoro ni lazima kwanza kuielewa sakafu, yaani kiwango ambacho bei imekifikia mara kadhaa ikashindwa kukipita kwenda chini. Hakuna siri ya kimaumbile katika kiwango hicho. Waliokiona kikishikilia huweka maagizo ya kununua juu yake kidogo. Wale ambao tayari wamenunua huweka maagizo ya kuuza chini yake kidogo, ili hasara isizidi. Mchumi Carol Osler wa Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu soko la fedha za kigeni, alionyesha kuwa maagizo ya aina hiyo hujikusanya karibu na namba zilizokamilika. Kwa maneno mengine, mstari katika mchoro ni picha ya watu waliopanga foleni.

Foleni hiyo ilionekana waziwazi mwaka 2013. Baada ya kufika kilele cha takriban dola 1,920 Septemba 2011, dhahabu iliteremka mara kadhaa hadi kati ya dola 1,520 na 1,540, na kila mara ikainuka. Ijumaa ya Aprili 12, 2013, sakafu hiyo ilivunjika. Jumatatu iliyofuata bei ilianguka kwa zaidi ya asilimia tisa, anguko kubwa la siku moja kuwahi kuonekana katika kipindi cha miaka 30 hivi. Habari mbaya zilikuwapo, ikiwamo hofu kuwa Cyprus ingeuza akiba yake ya dhahabu. Hata hivyo, habari hizo peke yake hazitoshi kueleza kasi ile. Maagizo ya kuuza yaliyolundikana chini ya mstari yaliamshana moja baada ya jingine.

Aliyeusoma mchoro siku ile alipata faida. Tatizo ni Agosti 9, 2021. Alfajiri ya Jumatatu hiyo kwa saa za Asia, wakati Japani na Singapore zikiwa mapumzikoni na wanunuzi wakiwa wachache, dhahabu ilitumbukia ndani ya dakika chache kwa zaidi ya asilimia nne, ikapita chini ya dola 1,700, kisha ikarudi juu na kuzirejesha nyingi kati ya dola ilizopoteza. Mstari ulivunjika kama ulivyovunjika mwaka 2013, lakini safari hii waliouza kwa kuufuata waliachwa chini, na waliokuwa wamenunua wakatolewa sokoni kwa bei mbaya kuliko zote za siku.

Isitoshe, umbo moja huweza kupewa majina mawili yanayopingana. Bei iligonga eneo la kati ya dola 2,070 na 2,080 mwaka 2020, 2022 na 2023. Kitabu kinaita hivyo vilele vitatu, ishara ya kuuza. Wengine, wakirudi nyuma hadi mwaka 2011, waliona kikombe na mkono wake, ishara ya kununua. Desemba 4, 2023, bei ilipanda kupita dola 2,130 na kuporomoka siku hiyo hiyo. Wa vilele wakashangilia. Machi 2024 dari ilipasuka kweli. Kikombe kilikuwa sahihi, lakini aliyeingia Desemba kwa mkopo mkubwa huenda hakuwapo tena Machi.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Katika biashara ya simu mteja hamiliki dhahabu; hufanya mkataba na dalali kuhusu tofauti ya bei, kwa mtaji uliokuzwa. Kwa ukuzaji wa mara 20, ambao ndio ukomo uliowekwa mwaka 2018 na mamlaka ya masoko ya Ulaya kwa wateja wa kawaida wa dhahabu, dola 500 hushika mkataba wa dola 10,000. Anguko la asilimia nne huondoka na 400. Lile la mwaka 2013 lingemaliza mtaji wote na kuacha deni, pale ambapo sheria haimkingi mteja. Wapo madalali nje ya Ulaya wanaotoa ukuzaji wa mara mia kadhaa.

Mamlaka hiyo ilieleza wakati huo kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida katika mikataba hiyo hupata hasara. Nchini Kenya, madalali wa fedha za kigeni mtandaoni wanatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji tangu kanuni za mwaka 2017, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa umma.