Sayansi ya Kwanta Yahitaji Ujirani

Umoja wa Mataifa uliuteua mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Azimio la kuuteua liliwasilishwa na Ghana, likapitishwa Juni 2024. Mwaka huo umekwisha kupita, na katika upande wetu huu wa Kwale, kutoka Ukunda hadi Lunga Lunga, sikupata kusikia shule hata moja iliyoutaja kwenye gwaride la asubuhi. Siwalaumu walimu. Mwalimu wa fizikia katika shule ya mashambani aghalabu huwa mmoja tu, na hana wa kumwuliza neno ndani ya chumba cha walimu. Upweke huo ndio ninaotaka kuuzungumzia, maana naona ni kikwazo kikubwa kuliko uhaba wa vyombo.

Kwa faida ya msomaji asiyeifahamu sayansi yenyewe, asili ya kwanta ni wazo la Max Planck la mwaka 1900, kwamba nishati ya nuru haitiririki kama maji ya mfereji. Hutolewa na kupokelewa kwa mafungu, mithili ya sukari iuzwayo kwa pakiti dukani. Nusu pakiti haiuzwi. Fotoniki nayo ni elimu ya kuizalisha nuru, kuiongoza na kuipima. Humo mna leza, nyaya za kioo zinazopitisha simu na intaneti chini ya bahari, paneli za jua, hata kile kibanio cha hospitali kinachopima oksijeni kwenye ncha ya kidole. Elimu hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja.

Wanafunzi wa historia wanaukumbuka mkataba wa Heligoland wa mwaka 1890. Ujerumani ilipewa kisiwa hicho kidogo cha Bahari ya Kaskazini, nayo ikaiachia Uingereza Witu na kuitambua himaya yake juu ya Unguja. Ajabu ni kwamba kisiwa hichohicho kilichobadilishwa na pwani yetu ndicho alichokwenda Werner Heisenberg, kijana wa miaka 23, mwezi Juni 1925, akiikimbia chavua iliyokuwa ikimvimbisha uso. Huko, akiwa peke yake, alipata hesabu zilizozaa fizikia mpya ya kwanta. Miaka 100 ya tukio hilo ndiyo iliyokuwa sababu ya kuuteua mwaka 2025.

Wasimulizi wengi huishia kisiwani, wakatuachia picha ya mwerevu mmoja, mwamba na mawimbi. Huo ni upungufu. Heisenberg aliporudi Göttingen hakuwa na hakika na alichokiandika. Max Born, mkubwa wake kazini, ndiye aliyetambua kwamba hesabu zile ni za matriki, akamwingiza Pascual Jordan katika kazi, na kabla mwaka haujaisha watatu hao walikuwa wameijenga nadharia yote. Lau Heisenberg angerudi mahali pasipo na Born, karatasi zake zingeishia mtotoni mwa meza.

Sisi pia tunaye kijana wetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kungoja yapoe, ndipo yaingizwe kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa ikimalizika, naye akayaingiza yakiwa moto. Alipofungua alikuta yake yamekwisha kuganda, ilhali ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha hayajawa tayari. Akamwuliza mwalimu wake, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye akapata habari kwamba wauza aiskrimu wa mjini Tanga wanaifahamu mbinu hiyo na wanaitumia. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamfanyia dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa zima likalichukua neno hilo.

Siku moja Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliizuru shule hiyo. Mpemba akasimama na swali lake, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu maabarani, akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao katika jarida la Physics Education. Hadi leo wataalamu wanabishana kama maji ya moto kweli huganda kabla ya baridi, na katika hali zipi. Lakini jina limekwisha kuvuka mipaka ya maji. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walitangaza kwamba wameiona athari ya Mpemba ya kwanta katika msururu wa ayoni: hali iliyopotoka zaidi ilirejea kwenye ulinganifu mapema kuliko iliyopotoka kidogo. Jina la mvulana wa Magamba sasa linaandikwa katika majarida makubwa ya fizikia duniani. Yeye mwenyewe alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka. Kazi hiyo ina heshima yake, ila sioni kwamba kulikuwa na jamii ya wanafizikia iliyomngojea mlangoni.

Nimekaa na kisa hicho kwa sababu mbili. Kwanza, Lushoto iko karibu na Galu kuliko Nairobi ilivyo. Ukishapita Msambweni na Lunga Lunga umefika Horohoro, na Tanga haiko mbali. Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili za mpaka, wanaoana na kuzikana. Mwalimu wa fizikia wa Msambweni na mwenzake wa Tanga, hata hivyo, hawajuani, japo wanafundisha nuru ileile kwa Kiingereza kilekile, na wakitoka darasani wote wawili husema Kiswahili. Pili, Osborne alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi 1970. Eneo hili liliwahi kuwa na jamii moja ya wasomi kabla ya kila nchi kujijengea ua wake.

Aliyeuelewa upweke wa mwanasayansi kuliko wote ni Abdus Salam wa Pakistan. Mwaka 1951 alirejea Lahore kutoka Cambridge, akakosa mtu wa kuzungumza naye fizikia, na mwaka 1954 akalazimika kurudi Uingereza. Ili wengine wasilazimike kuchagua baina ya nchi yao na elimu yao, alianzisha kituo cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, mwaka 1964. Msomi wa nchi changa huenda huko kwa miezi michache, akakutana na wenziwe, akarudi kwao na fikra mpya. Salam alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kwa maoni yangu kituo kile kina thamani kuliko tuzo.

Barani kwetu mtandao wa watafiti wa leza na atomu ulianzishwa Dakar mwaka 1991, na Kituo cha Leza cha Afrika kikaanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003. Kigali, tangu mwaka 2018, pana taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa kimsingi, iliyo binti wa kituo cha Trieste. Kigali hiyohiyo ina Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Jumuiya, na Kampala kuna Baraza la Vyuo Vikuu. Kwa hiyo asitokee mtu kusema hatuna pa kuanzia. Lakini Kigali ni safari ya siku mbili au zaidi kwa basi kutoka hapa, na milango ya taasisi hizo hufunguka kwa mwenye shahada. Mwanafunzi wa kidato cha nne na mwalimu wake wamebaki uani.

Na Kwale ina sababu yake ya kutaka kuingia ndani. Tangu enzi za ukoloni inajulikana kwamba Mlima Mrima una niobiamu na madini adimu. Niobiamu ndiyo mojawapo ya metali zinazotengenezewa saketi za kompyuta za kwanta. Katika ukoo wa madini adimu yumo erbiamu, itiwayo ndani ya nyaya za kioo ili kuikuza nuru inapochoka njiani. Nyaya za namna hiyo zinatua Mombasa tangu 2009. Mchanga wa titani nao ulichimbwa wilayani mwetu kuanzia 2013, ukapakiwa melini Likoni, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa 2024. Titani ni moyo wa aina mojawapo ya leza itumikayo sana maabarani. Nimewauliza vijana wengi waliomaliza shule karibu na machimbo hayo mchanga ule ulikwenda kufanya nini. Jibu la kawaida ni rangi, na baada ya hapo kimya. Siku itakapowadia zamu ya Mrima, nani wa hapa atakayekaa mezani akijua thamani ya kinachouzwa?

Sasa nije Galu. Ufuo huu unajulikana kwa wageni wanaovutwa na vishada juu ya mawimbi, na hoteli zake na za Diani hupokea makongamano ya kila namna. Wataalamu hushuka uwanja wa Ukunda, hukaa siku nne na vitambulisho shingoni, hula samaki, huondoka. Shule iliyo ng'ambo ya barabara haijui walikuja kufanya nini. Napendekeza kongamano moja kila mwaka, likizo ya Agosti, la kwanta na fotoniki, liwaite watafiti wa Nairobi, Dar es Salaam, Makerere na Kigali, na nusu ya viti iwe ya walimu wa sekondari wa Kwale, Tanga, Unguja na Pemba. Asubuhi iwe ya mihadhara. Alasiri iwe ya kazi za mikono pamoja na wanafunzi, na mazungumzo yake yawe kwa Kiswahili, ili aliye na swali la Mpemba asizuiwe na sarufi ya Kiingereza.

Ataulizwa mtu fedha za leza zitatoka wapi. Kazi ya kwanza haihitaji leza ya mamilioni. Chukua vitaa vya LED vitatu, chekundu, kijani na buluu, betri, kipingamizi cha kuzungusha na voltimita. Fundi wa redio Ukunda anavyo vyote. Pandisha volti polepole hadi kitaa kianze kuwaka, uandike. Chekundu kitawaka kwenye volti ndogo, cha buluu kitadai zaidi, kwa kuwa fungu moja la nuru ya buluu lina nishati kubwa kuliko la nyekundu. Ukichora grafu ya volti hizo dhidi ya masafa ya nuru, mteremko wake utakupa makadirio ya namba ya Planck. Vitaa hivyo havichoshi mfuko wa shule yoyote.

Tena hatuhitaji kungoja Agosti. Tarehe 16 Mei kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Nuru, kumbukumbu ya leza ya kwanza aliyoiwasha Theodore Maiman mwaka 1960. Kwa kawaida shule zetu huwa zimefunguliwa wakati huo. Walimu watatu wanatosha kuanza, mmoja wao akitoka Tanga na vitaa vyake mfukoni.