Je, Wajua? Nakuru Hukata Pumzi Injini ya Petroli
Gari la petroli lisilo na turbo likitoka Mombasa, hufika mtaa wa Section 58, Nakuru, limepoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, na injini ya petroli huivuta ili ichome mafuta. Mota ya umeme haivuti hewa. Ukikanyaga tu, msukumo wote upo.

Mwaka 2018 dereva Romain Dumas alipanda mlima wa Pikes Peak, Marekani, mita 4,302, kwa Volkswagen ya umeme: dakika 7, sekunde 57. Rekodi ya petroli? Dakika 8, sekunde 13. Mlima ulimla mwenye kupumua.

Na katika Safari Rally ya Naivasha, 2022 hadi 2024, magari ya daraja la juu yalibeba mota ya umeme ya kilowati 100. Mwaka 2025 ikaondolewa.