Nguru, Samaki wa Chakula na wa Mchezo

Katika pwani ya Kenya nguru hutafutwa na watu wa namna mbili. Mvuvi wa Lamu, Malindi au Shimoni humtafuta ili apate chakula na fedha; mgeni aliyekodi mashua ya injini humtafuta kwa ajili ya mchezo. Lakini samaki ni yule yule mmoja, na kwa hiyo hali yake yawahusu wote wawili.

Nguru ni samaki mrefu, mwenye mgongo wa buluu na ubavu wa rangi ya fedha wenye mistari myembamba ya kusimama. Aliye mkubwa sana aweza kupita meta 2 kwa urefu na kufikia kilo 70, ingawa wengi wanaovuliwa ni wadogo kuliko hao. Huogelea kwa kasi karibu na miamba, akiwinda dagaa na ngisi. Meno yake ni makali, basi mvuvi hufunga waya kati ya ndoana na mshipi, usije ukakatwa. Akisha kunasa hukimbia kwa nguvu nyingi, na hiyo ndiyo furaha ya wachezaji. Nyama yake ni imara, haivunjiki ovyo chunguni. Hupikwa kwa nazi, hukaangwa, na hutiwa chumvi ili ipelekwe mbali.

Nguru hukua upesi, lakini hazai kabla ya kufikia urefu wa sentimeta 70 au 80 hivi. Akivuliwa kabla ya hapo, hakuacha mbegu yoyote baharini. Tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, iliyoanzishwa mwaka 1996, humchunguza nguru pia, na katika miaka ya 2010 ilionya kwamba anavuliwa kuliko anavyoweza kuzaliana.

Yafaa basi kila mtu atimize sehemu yake. Anayevua kwa mchezo amrudishe nguru mdogo majini akiwa bado hai. Anayetega jarife atumie lenye macho makubwa, wadogo wapate kupita. Na aliyekwisha kuvuliwa asipotee bure: sharti atiwe barafu mara moja, kwa maana nguru aliyekaa juani huweza kufanya sumu isiyoondolewa hata kwa kupikwa. Anayemwacha nguru mchanga leo hajapoteza kitu. Amejiwekea akiba baharini.