Barua ya muuguzi iliyopita mikononi mwa wengi

Oktoba 11, 2010, muuguzi mwandamizi Terry Bryan alimwandikia msimamizi wake baruapepe. Kazini kwake kulikuwa Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol, Uingereza, iliyowapokea watu wazima wenye ulemavu wa akili na usonji. Alilalamika kwamba baadhi ya wahudumu waliwakabili wagonjwa kwa ukali, kana kwamba wanatafuta ugomvi.

Barua hiyo imeninyima utulivu. Haikupotea, wala haikuchanwa. Msimamizi aliipeleka mbele. Kampuni iliyomiliki hospitali ikaipata. Halmashauri ya South Gloucestershire, yenye wajibu wa kuwalinda watu hao, ikaipata. Nakala ikafika hadi CQC, tume inayokagua huduma za afya na malezi. Baadaye tume ilikiri kwamba ilidhani jambo lile liko mikononi mwa halmashauri, na kwamba ilipaswa kumtafuta Bryan. Haikumtafuta. Alipoona kimya, aliwasiliana na tume mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Kimya kikaendelea, akaenda BBC.

Mwandishi wa BBC aliajiriwa pale kama mhudumu, akarekodi kwa kamera ya siri wiki tano. Mei 31, 2011 Waingereza wakajionea: mgonjwa kamwagiwa maji na nguo zake mwilini, kaachwa nje kwenye baridi, mwenziwe kabanwa sakafuni chini ya kiti. Bryan, muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 35, alisema hajawahi kuona ubaya wa namna ile. Hospitali ilifungwa mwezi uliofuata. Wahudumu 11 walitiwa hatiani, 6 wakaenda jela.

Uchunguzi wa 2012 ulikuta halmashauri ilishapokea taarifa 40 za mashaka kuhusu hospitali hiyohiyo. Kila moja ilitazamwa peke yake. Arobaini! Nani alipaswa kuzipanga juu ya meza moja?

Nawaza hayo kwa sababu leo ndugu zetu wengi wanalea wazee na wagonjwa Uingereza kwa viza inayomtegemea mwajiri. Ipo sheria ya 1998 inayomlinda mfanyakazi anayefichua maovu. Lakini mwenye viza hiyo, udhamini wa mwajiri ukiondolewa, kwa kawaida ana siku 60 kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Dada mmoja kati yao akiona alama za vidole kwenye mkono wa bibi asiyeweza kusema, amwandikie nani? Na atakayeipokea barua, atamtafuta?