Maneno ya Kiingereza ya Vitu Vikwaruzavyo

Wanafunzi wetu hunung'unika kwamba neno la Kiingereza "rough" laandikwa kwa herufi zisizosikika. Manung'uniko yao ni ya haki, lakini herufi zile hazikuwekwa bure. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita Waingereza walisema "ruh", na mwisho wa neno ulitoka kooni, kama "kh" ya "kheri" kinywani mwa mtu wa pwani aliyesoma chuoni. Baadaye waandishi waliiandika sauti ile "gh". Vinywa vikaiacha, ikageuka kuwa "f", ila kalamu haikufuata.

Na maana yake je? Hapo kale lilikuwa neno la manyoya: lilitaja kitu chenye nywele nyingi, tena zisizochanwa. William Tyndale, alipofasiri vitabu vya Musa mwaka 1530, alimweleza Esau kwa neno "rough". Fasiri ya mwaka 1611 ilisema "hairy", yaani mwenye nywele. Maneno mawili, mtu yule yule.

Tena "rough" si peke yake. "Shaggy" latokana na neno la kale la nywele zilizosongamana. "Rugged" na "ragged" hunasibishwa na lugha za Skandinavia, zilizokuwa na neno la kishungi cha manyoya; "rug", yaani zulia, ni ndugu yao. "Harsh" nalo wataalamu hulirudisha kwa Wajerumani wa kaskazini, kwenye neno la nywele vile vile. Sisi Waswahili twalitazama jambo hili kwa tendo: twasema kitu chakwaruza, au chaparuza. Na msasa, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mti ambao kwa majani yake mafundi walisugulia mbao.

"Coarse" ni mgeni katika ukoo huu. Wataalamu wengi husema ni lile lile "course", yaani mwendo, lililotoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa. Kitu cha mwendo wa kawaida, kisicho bora, kiliitwa hivyo, hasa nguo. Kisha neno likahamia mchanga, na unga, hata usemi wa mtu asiye na adabu. Baadaye tahajia zikatengana, matamshi yasitengane. Basi mwanafunzi akiandika kwamba unga ni "course", mtahini atamkata alama, ingawa Mwingereza wa mwaka 1600 angalimwelewa mara moja.